Somo: Kukagua pikapu ya dizeli ya kazi hapa Mombasa, kuanzia chini

Ndugu na dada, wengi mmeuliza kama pikapu kubwa ya dizeli ina faida kweli. Nitajibu kwa kufuata hatua za kukagua iliyotumika, maana nguvu zake na udhaifu wake huonekana hapo hapo. Ninalotaka mshike ni hili: huku Pwani, injini ya dizeli huishi kuliko chesisi iliyoibeba.

Hatua ya 1: Ujue mzigo wako

Dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na mvuto unakuja injini ikiwa bado inazunguka polepole. Hilux ya dizeli ya lita 2.8, gia za mkono, hutoa nyutoni-mita 420 (kipimo cha mvuto) kuanzia mizunguko 1,400 kwa dakika. Ya petroli ya lita 2.7 hutoa 245, tena mpaka uifikishe 4,000. Panda mlima wa Mazeras na saruji imejaa nyuma, utaielewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Lakini kama kazi yako ni kutoa magunia mawili ya vitunguu Kongowea kupeleka Nyali, dizeli itakutia hasara. Utalipia nozeli zinazonyunyizia dizeli, pampu yake na oili nyingi kwa nguvu usiyoitumia.

Hatua ya 2: Lala chini ya gari

Hapa usione haya kuchafua nguo. Upepo wa bahari peke yake unatosha kula chuma, na gari lililobeba samaki ni baya zaidi, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi huvuja kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi kwenye chesisi. Chukua nyundo ndogo ugonge. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mlio. Gonga hasa pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, maana tope hukaa hapo, na pale springi zinaposhikiliwa. Fuata mabomba ya breki kwa kidole mpaka mwisho. Ukikuta rangi nyeusi mbichi chini nzima, uliza imepakwa lini na kwa nini. Ukikuta chesisi imechomelewa kiraka, rudisha ufunguo uende zako, hata bei ikiwa tamu vipi. Injini hufunguliwa ikatengenezwa, lakini chesisi iliyooza ikikatika na mzigo barabarani, inaua watu.

Ukishanunua, osha chini kwa maji ya bomba kila wiki.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini kuhakikisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni mafuta kuzidi hewa. Mweupe usiokoma, wenye harufu ya dizeli mbichi, ni nozeli au mgandamizo uliopungua. Halafu fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: mvuke ukitoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka.

Hatua ya 4: Rejeta

Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Yakitiwa kwenye rejeta, huila kwa ndani na kuacha magaga. Injini ikichemka mlimani, gasketi ya silinda hedi inaungua. Maji yakiwa na rangi ya kutu, hesabu gharama hiyo kabla ya kutaja bei.

Hatua ya 5: Endesha na mzigo

Tupu itarukaruka, springi zake ni za tani. Ijaribu imebeba. Na kwenye mteremko ingia gia ndogo mapema: injini nyingi za dizeli hazina kilango cha kuzuia hewa kama petroli, kwa hiyo ukiachia mguu hazilishiki gari sana.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Fundi, nichukue Land Cruiser ya zamani au Hilux mpya?*

Ndugu yangu, inategemea unakokwenda. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni lita 4.2, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na mvuto wake ni nyutoni-mita 285 tu, chini ya hiyo Hilux. Ni nzito na inakunywa. Lakini pampu yake haina kompyuta, na fundi wa Kinango ataitengeneza kwa spana. Kwa njia za vumbi za ndani, ningechukua hiyo. Kwa lami ya Mombasa hadi Voi, Hilux.

*Bamburi: Kuna dizeli ya madumu inauzwa rahisi. Ina ubaya gani?*

Dada, usiiguse. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na ikichanganywa mafuta ya taa ulainisho unapungua, vyuma vinasagana, vumbi lake linaingia kwenye nozeli. Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018, shilingi 18 kwa lita, kukomesha mchanganyiko huo. Nunua kituo kinachojulikana, na utoe maji chini ya filta mara kwa mara. Unyevu wetu hujikusanya tangini.

*Changamwe: Kaka yangu yuko Marekani, anataka kunitumia Ford F-250. Nikubali?*

Ni gari la nguvu, injini yake ya dizeli ni ya lita 6.7. Lakini usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Pia gari lililotumika likiingia halitakiwi kupita miaka 8. Mwombe akutumie pesa, utafute pikapu ya Isuzu D-Max hapa, na uje na nyundo.