Kuandaa kitengo cha pamoja cha data kwa tafiti za msongo wa mawazo na kiwewe

Timu tatu au nne zinazochunguza msongo wa mawazo na kiwewe katika taasisi moja hazina haja ya kununua kila moja seva yake na friza yake. Kitengo kimoja kinaweza kuzihudumia zote, mradi namba za washiriki, majina ya safu, saa na ruhusa vikubaliwe kabla mshiriki wa kwanza hajahojiwa. Mkichelewa, kila sahihisho litawalazimu kupekua faili moja baada ya nyingine.

Namba za washiriki

Toeni namba zote kutoka orodha moja. Msiweke ndani yake herufi za kijiji wala mwaka wa kuzaliwa: mahali ambapo mwanamke mmoja tu alinusurika tukio fulani, vidokezo hivyo vinatosha kumtambua. Ongezeni tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile za mbele, ili anayeandika 4173 badala ya 4137 azuiwe papo hapo. Namba isianze na sifuri, kwa sababu Excel huzila sifuri za mbele. 0047 hugeuka 47 na faili mbili zikashindwa kuungana.

Orodha inayooanisha jina na namba ikae nje ya mfumo wa data, na watu wawili tu waweze kuifungua. Akibaki mmoja kisha akaugua, hamtampata mshiriki anayehitaji msaada wa haraka.

Programu na madodoso

REDCap, programu ya kukusanya na kutunza data za utafiti iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutolewa bure kwa taasisi zisizo za kibiashara zinazojiunga na mtandao wake, ila seva na mtu wa kuitunza ni juu yenu. Kama hamna mtu huyo, anzeni na ODK au KoboToolbox, programu nyingine za kukusanya data. Zote tatu zinaweza kukusanya data pasipo mtandao. Mkisimba fomu za ODK (yaani kuzifunga kwa msimbo wa siri) kwa ufunguo wenu wenyewe, uhifadhini sehemu mbili. Ukipotea, data hazifunguki tena.

Kisha andikeni kamusi moja ya data. Chukueni PCL-5, dodoso la dalili za kiwewe: maswali 20, kila jibu kuanzia 0 hadi 4, jumla 0 hadi 80. Alama 31 hadi 33 hutumika mara nyingi kama kizingiti cha kuanzia. Hiki si utambuzi wa ugonjwa, na kinahitaji kupimwa upya kwa lugha na jamii yenu. Sasa timu moja ikiandika 9 kwa "hakujibu", mwenye alama 26 aliyeruka swali moja anahesabiwa 35 na kuvuka kizingiti, wala hakuna atakayeshtuka. Tumieni -99, namba inayoharibu jumla waziwazi, na muiondoe kabla ya kujumlisha. Katika REDCap, kumbukeni kwamba amri ya sum hupuuza nafasi tupu, ilhali alama ya + huacha jumla yote tupu. Chagueni moja kwa tafiti zote.

Saa

Hapa ndipo tafiti za kortisoli kwenye mate huharibika, hasa kwa wahojiwa wanaosema Kiswahili. Homoni hii kwa kawaida hupanda katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka hadi usiku. Mshiriki anasema ameamka saa kumi na mbili na nusu, mhoji anaandika 12:30 badala ya 06:30. Sampuli ya pili anaiandika 1:00. Kwa saa ya mzunguko wa 12, tofauti ya nusu saa inabaki sahihi, kwa hiyo kosa halionekani, lakini siku nzima ya mtu huyo imesogea saa sita.

Fomu iulize kwanza kipindi (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku), kisha saa kama inavyosemwa, halafu ikokotoe yenyewe saa ya mfumo wa 24 na kumwonyesha mhoji athibitishe. Wekeni onyo kwa saa ya kuamka iliyo nje ya 03:00 na 11:00. Tarehe nazo: "usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo fomu iandike "usiku wa kuamkia" na siku yake.

Mshiriki asile, asipige mswaki wala kunywa kitu zaidi ya maji dakika 30 kabla ya kutoa mate. Bandikeni lebo kabla chupa haijaingia kwenye friza ya -20°C; kwenye chupa yenye barafu, lebo hubanduka. Umeme ukikatika, msifungue friza, na muandike muda uliopita.

Majibu ya hatari

Swali la 9 la PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote la juu ya 0 lifuatiliwe siku hiyohiyo. Msitegemee ujumbe wa seva: kishikwambi kikiwa nje ya mtandao, ujumbe hautoki hadi kirudi mjini, pengine siku tatu baadaye. Onyo litokee kwenye skrini ya mhoji palepale, likiwa na namba ya mshauri aliye zamu. Simu ya kumpigia iwe na salio. Hili ni jukumu la kitengo, si la mhoji.

Ruhusa

Kila timu ione data zake tu, na mchambuzi apakue faili isiyo na majina, simu wala sauti. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) huweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na kudhibiti usafirishaji wake nje ya nchi, kwa hiyo fomu ya ridhaa itaje data zitahifadhiwa wapi na nani atazitumia baadaye.

Kabla ya kuanza, kila timu iingize washiriki kumi wa kubuni, akiwemo aliyeruka maswali, aliyeamka alfajiri na aliyejibu 1 kwenye swali la 9. Pakueni, unganisheni faili zote, na msifungue mradi hadi hao kumi watoke sawasawa.