Mwalimu wa serikali anabaki na shilingi ngapi mkononi?

Mpwa wangu alinipigia siku mshahara wake wa kwanza wa ualimu ulipoingia. "Mjomba, wamenikata kimakosa." Hakukuwa na kosa lolote. Alikuwa ameshika ile tarakimu ya kwenye barua ya ajira, na ile ni mshahara wa msingi tu. Jumamosi akaja na slipu yake, tukafungua daftari.

Anza na ngazi. Walimu wa serikali Tanzania wana ngazi zao, TGTS: mwenye cheti huanzia daraja B, stashahada C, shahada D. Namba inayofuata herufi, kama D1 au D2, ni hatua ndani ya daraja, na kila hatua ina mshahara wake. Viwango hutoka kwa waraka wa Utumishi, na majedwali mengi yanayozunguka WhatsApp ni ya miaka iliyopita. Tazama tarehe ya waraka kwanza. Ukikwama, muulize ofisa utumishi wa halmashauri.

Ukishaujua mshahara wa msingi, ingia kwenye makato. Hapa ndipo vijana wengi hupotelea, kwa hiyo tuende taratibu. Chukua mfano wa shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi inakokotolewa kwenye 760,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 240,000 za mwisho asilimia 20, ambayo ni 48,000. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya, NHIF, ni asilimia 3 ya mshahara wa msingi: 24,000. Mwanachama wa CWT, chama cha walimu, anatoa asilimia 2: 16,000. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, anakatwa asilimia 15, nayo ni 120,000. Yajumlishe yote: 268,000. Mkononi zinabaki 532,000, na hapo hujakopa benki wala kujiunga na SACCOS.

Mpwa wangu aliutazama mstari wa HESLB kwa muda mrefu. Nikamwonyesha salio la deni lake, maana mstari ule utakuja kufutika, na mwezi deni litakapoisha lazima ahakikishe wameacha kukata.

Slipu utaipata kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Isome kila mwezi, hata kama hela imeingia vizuri. Mimi nilipandishwa daraja, barua nikaipokea, lakini slipu ikaendelea kuonyesha daraja la zamani kwa miezi tisa. Nilidai malimbikizo kwa sababu nilikuwa nimetunza barua na slipu zote tisa kwenye bahasha moja. Wenzangu wasiotunza walihangaika sana, na inaniuma hadi leo.

Kama unataka kujua mshahara wa mwalimu mwingine, usimuulize analipwa ngapi. Hilo ni kumvua nguo mbele za watu. Muulize yuko daraja gani. Atakujibu bila kinyongo, na mengine utayapata kwenye waraka.

Shule binafsi hazifuati TGTS. Kabla hujasaini mkataba, uliza mambo mawili: kiasi walichokutajia ni kabla au baada ya makato, na je, Juni na Desemba, wanafunzi wakiwa likizo, mshahara unalipwa? Jibu likiwa ndiyo, omba liandikwe kwenye mkataba.