Hangiri: namna ya kutumia beseni la mbao la wali wa sushi

Wali wa sushi, yaani wali wa Kijapani unaotiwa siki, ukiharibika, lawama huangukia mchele au siki. Chunguza kwanza chombo ulichochanganyia. Wali wa moto ukimwagiwa siki ndani ya sufuria au bakuli la plastiki, mvuke hugonga kuta, hugeuka maji na kurudi chini. Punje za chini zinalowa chepechepe, za juu zinakauka. Sufuria ya alumini ina ubaya wa ziada, kwa kuwa siki huila na kuacha ladha ya chuma.

Hangiri ni jibu la Wajapani kwa tatizo hilo: beseni la mbao, pana na fupi, mfano wa chano kilichoongezwa kuta. Mbao zake hazipakwi vanishi wala rangi, ndiyo maana hunywa unyevu uliozidi. Upana wake nao huuacha wali utandazike, mvuke utoke upesi. Nzuri hutengenezwa kwa sawara, mti wa jamii ya miberoshi unaostahimili maji na usio na harufu kali. Ya hinoki, mti mwingine wa jamii hiyo, pia ni imara, ila hunukia zaidi. Bonde la Kiso katika mkoa wa Nagano lina sifa ya kazi hii. Zama za Edo, yaani 1603 hadi 1868, watawala wa jimbo la Owari walikataza watu kukata aina 5 za miti ya huko, sawara ikiwa mmojawapo. Vibao husimamishwa bega kwa bega, vikabanwa kwa pete 2 za shaba nyekundu.

Usinunue kwa makosa lile beseni jeusi na jekundu linalong'aa, ambalo maduka ya sushi hupakulia. Lile ni la kuandalia mezani. Limepakwa laka, aina ya vanishi ngumu, halinywi tone la maji.

Kwa ukubwa, Wajapani huhesabu kwa go: go 1 ni mililita 180, yaani takriban gramu 150 za mchele mkavu. Hangiri ya sentimita 30 hutosha go 3, ya sentimita 33 hubeba hadi go 5. Ukisita kati ya mbili, chukua kubwa. Wali uliorundikana haupoi, na mwiko unakosa pa kupita.

Ikiwa mpya, ijaze maji yenye kikombe kimoja cha siki, iache usiku kucha, imwage, isuuze na uikaushe kivulini. Hiyo huondoa utomvu na harufu ya mbao. Ikibaki na harufu, rudia.

Siku ya kupika, kazi ya hangiri huanza kabla ya jiko. Ijaze maji hadi karibu na ukingo, iache dakika 20 hadi 30. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Mbao kavu ina kiu: itafyonza siki kabla haijaufikia wali, na punje zitang'ang'ania sakafu kama ukoko. Lakini ukimwaga maji na kuweka wali papo hapo, madimbwi yaliyobaki yataulowesha. Kwa hiyo imwage, kisha ifute kwa kitambaa safi. Ukipitisha kiganja ndani usikie ubaridi wa unyevu, lakini kisitoke na matone. Mwiko nao ulowekwe humohumo. Ule bapa wa Kijapani, shamoji, ndio unaofaa.

Vipimo hivi ni vya go 3. Chukua gramu 450 za mchele wa Kijapani wa punje fupi. Basmati haifai: sisi husifu wali unaochambuka, na huo hautashikamana mkononi. Osha mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, chuja, uroweke nusu saa katika mililita 540 za maji. Pika humohumo, kisha uache umefunikwa dakika 10 bila moto. Kwa siki: mililita 80 za siki ya mchele, gramu 40 za sukari, gramu 9 za chumvi. Pasha taratibu hadi viyeyuke, usichemshe, maana harufu ya siki itaruka na mvuke. Ukipenda utamu kidogo, kama ilivyo desturi ya Tokyo kuliko Osaka, punguza sukari.

Sasa fanya haraka. Pindua sufuria katikati ya hangiri, wali ukae kama kichuguu. Ukoko uache kwenye sufuria. Ukiukwangua, vipande vigumu vitaonekana katika kila tonge. Mimina siki juu ya mwiko huku ukiuzungusha, ili idondoke kote badala ya kutoboa shimo mahali pamoja. Subiri nusu dakika.

Kisha bomoa kichuguu na ukate. Shika mwiko kiubavu, upitishe ndani ya wali kama kisu, halafu chota kutoka chini na upindue. Kata, pindua, zungusha hangiri robo mduara, rudia. Usikoroge kama ugali, wala usikandamize: punje zikipondeka hutoa wanga, na wanga ukigeuka gundi hakuna kurudi nyuma. Dakika 1 hadi 2 zinatosha. Vunja mabonge kwa ncha ya mwiko, kwani ndani ya bonge siki haijaingia.

Kipepeo kije baada ya hapo. Wengi hupepea tangu siki inapomwagwa, na hilo ni kosa: wali hunywa siki ukiwa wa moto, na ukiupoza mapema siki hubaki nje, wali unakuwa na maji juu na chapwa ndani. Siki ikishaingia ndipo upepee, ili unyevu wa juu ukauke na punje zing'ae. Kipepeo cha ukili cha kupepelea mkaa kinafaa kabisa, mradi kisiwe na majivu. Pindua wali mara moja, upepee tena, hadi joto lake lilingane na la ngozi yako.

Usanye upande mmoja na uufunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Utumie siku hiyohiyo. Friji huugeuza mgumu kama changarawe. Wala usiulaze ndani ya hangiri, maana mbao zitanywa siki na wanga usiku kucha, na ukungu utakuwa umepata chakula.

Kuosha: jaza maji ya uvuguvugu, ngoja dakika 10 punje zilainike, kisha sugua kwa brashi au dodoki ukifuata nyuzi za mbao. Usitumie sabuni, itaingia ndani na kutokea kwenye wali ujao. Mashine ya kuosha vyombo huipasua. Ifute, iegemeze kivulini penye upepo upite pande zote mbili, siku 1 au 2. Jua kali hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na vibao vinajipinda. Ikikauka kabisa, ifunge kwa gazeti, kamwe si mfuko wa plastiki, na uihifadhi imepinduliwa mdomo chini. Kuta zake zimepanuka kidogo kuelekea mdomoni, kwa hiyo pete ikilegea itateremkia penye upana na kukaza yenyewe. Ikikaa wima, pete huteleza chini na vibao vinaachana.

Pete ikiwa tayari imelegea, usigundishe. Irudishe mahali pake, weka kipande cha mti juu ya ukingo wake na ugonge kwa nyundo ya mbao kidogokidogo kuizunguka yote, kwani ukigonga upande mmoja itakaa mshazari. Kisha jaza maji. Itavuja mwanzoni, endelea kuongeza hadi vibao vivimbe na kubanana, saa kadhaa au hata siku nzima.

Madoa meusi machache ya ukungu hutoka kwa siki na brashi, au kwa msasa laini. Weusi ulioshuka ndani ya nyuzi hautoki. Shaba iliyopoteza mng'ao isugue kwa nusu ya limau iliyochovywa chumvi, halafu uisuuze vizuri.