Namna ya Kujaribu Mbinu za Mitetemo Zinazochunguza Undani wa Jua

Uso wa Jua hupanda na kushuka kwa vipindi vya dakika 5 hivi, na mawimbi ya sauti yanayousukuma ndiyo yanayotuletea habari za ndani, ambako mwanga hautoki moja kwa moja. Kwa kuwa hakuna atakayechimba huko kuhakiki jibu, mbinu ya kupima muda wa safari ya wimbi kati ya nukta mbili za uso hujaribiwa kwanza kwa Jua bandia, ambalo undani wake umeutunga wewe mwenyewe.

Anza na modeli inayokubalika ya muundo wa ndani wa Jua, mathalani ile iitwayo Modeli S, ya mwaka 1996. Haiingii kwenye kompyuta ilivyo: tabaka lake la nje huchemka, na katika milinganyo sahili mchemko huo hukua bila kikomo hadi ukayameza mawimbi, hivyo irekebishwe kidogo ili itulie. Kisha ingiza jambo moja tu, tuseme mkondo wa mita 100 kwa sekunde katika kina cha kilomita 10,000, tikisa tabaka la juu kwa vyanzo vya mawimbi vya nasibu (visivyo na mpangilio), na uhifadhi mwendo wa uso kila baada ya sekunde 45, kama kifanyavyo kifaa cha HMI kwenye SDO, chombo cha angani kinacholitazama Jua.

Endesha tena hesabu ileile, yenye vyanzo vilevile, lakini bila mkondo. Ukitoa matokeo ya pili katika ya kwanza, sehemu kubwa ya kelele hufutika na athari ya mkondo hujitokeza waziwazi. Hata hivyo Jua halisi halirudiwi, kwa hiyo uchambuzi ufanyike pia pamoja na kelele, tena na mtu asiyejua ulichoficha.

Jibu lake usililinganishe moja kwa moja na mkondo uliotunga. Ukokotoaji wa kinyumenyume, yaani kukisia mkondo wa ndani kutokana na muda wa safari za mawimbi, hutoa wastani wa eneo pana, basi mkondo wako nao upitishwe kwenye wastani huohuo kwanza. Mara nyingi mbinu hulaumiwa kwa kosa la ulinganisho. Mpe mchambuzi huyo pia data isiyo na mkondo wowote: akiuona, chunguza vichujio vyake, yaani hatua anazotumia kuisafisha data.

Kwenye madoa ya Jua, yaani sehemu za uso zenye giza na sumaku kali, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu usumaku huyabadilisha mawimbi yenyewe. Doa la AR 9787, lililotazamwa Januari 2002, lilichambuliwa kwa mbinu kadhaa, na majibu kuhusu kasi ya mawimbi chini yake yakapingana, moja ikisema imepanda na nyingine imeshuka. Kwa eneo la namna hiyo, uga wa sumaku sharti uwemo ndani ya Jua bandia tangu mwanzo, hata kama hesabu zitakwenda polepole.