Uso na mkao kabla ya usaili: namna ya kupunguza woga kwa kuanzia mwilini

Mtazame mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili katika kampuni ya utalii pale Arusha. Mabega yamepanda hadi masikioni, meno yameumana, ndita zimejaa kwenye paji la uso, shingo imeinamia simu. Ubongo wake unapokea habari za misuli yote hiyo na kuzichukua kama dalili ya hatari, basi woga unazidi. Woga haupokei amri. Misuli inapokea, ndiyo maana tunaanzia huko.

Kwanza tuelewane kuhusu kiasi cha faida. Wazo kwamba mwili huchangia hisia ni la zamani. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika mwaka 1884. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 3,878 kutoka nchi 19. Walioambiwa watabasamu kwa kuinua mashavu na pembe za mdomo, au waige uso wa mtu anayetabasamu kwenye picha, walijisikia wenye furaha zaidi kidogo. Mbinu maarufu ya kushika kalamu kwa meno haikutoa jibu la kueleweka. Na ule mkao wa kibabe uliovuma tangu 2010, kwamba ukiutanua mwili kwa dakika 2 kama bosi homoni zako zinabadilika, jaribio lake lilirudiwa kwa watu 200, matokeo yakachapishwa 2015, na homoni hazikubadilika. Mmoja wa watafiti wa mwanzo, Dana Carney, alitangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena matokeo yale. Anayekuuzia semina juu ya hilo, mwache na semina yake. Hapa unatafuta nafuu kidogo, na kwa usaili nafuu kidogo inatosha kukufanya usikie swali vizuri kabla ya kujibu.

Hatua ya 1: Jipime. Upe woga wako alama kati ya 0 na 10. Kagua taya, mabega na viganja, uone wapi pamekaza zaidi. Hapo ndipo utakapoweka nguvu.

Hatua ya 2: Pata joto. Miongozo mingi inaruka jambo hili, na kwa asubuhi za Juni na Julai Arusha ni kosa. Mwili wenye baridi hujikunyata wenyewe: mabega mbele, mikono kifuani, taya kukaza. Ukijaribu kunyoosha mgongo huku unatetemeka utachoka bure. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla, tembea haraka kidogo, sugua viganja. Sweta livue mlangoni, si nyumbani. Moshi mjini shida hii ni ndogo, lakini wa Marangu na Machame, huko juu mlimani, wanaijua.

Hatua ya 3: Legeza taya na nyusi. Anza hapa kabla ya kufikiria tabasamu. Midomo ibaki imefungwa, meno ya juu na ya chini yaachane kiasi cha punje ya mchele, ulimi ulale chini bila kusukuma meno. Kisha kunja nyusi kwa nguvu sekunde 5, ziachie ghafla, subiri sekunde 10. Rudia mara 3. Tunaanza kwa kukaza kwa sababu wengi hawajui kama nyusi zao zimekunjana mpaka wasikie tofauti. Ukimaliza, weka kidole katikati ya nyusi: ngozi iwe laini, isiwe na mfereji. Kosa la kawaida ni kulegeza paji la uso huku taya ikirudi kuuma. Kagua vyote viwili pamoja.

Hatua ya 4: Pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa sekunde, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 3 zinatosha. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana mapigo ya moyo hupungua kasi wakati wa kutoa pumzi.

Makosa hapa ni mengi. Wengine huvuta hewa nyingi mno, mabega yakipanda. Baada ya dakika wanasikia kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kwa sababu wametoa kabonidaioksaidi kupita kiasi. Dawa yake ni kuvuta kidogo, polepole, mkono mmoja ukiwa tumboni kuhakikisha tumbo ndilo linaloinuka, si kifua. Kama 4 na 6 zinakubana, tumia 3 na 4. Na wanaopandisha wageni Kilimanjaro wasiipeleke mbinu hii juu kule kwenye kambi za mita 4,000: mwili unapumua haraka kwa sababu unahitaji hewa, usiuzuie.

Hatua ya 5: Mgongo. Sogea nyuma ya kiti hadi makalio yaguse egemeo. Nyayo zote mbili sakafuni. Waza kisogo kinavutwa juu, kidevu kirudi nyuma kidogo tu, kisha viringisha mabega juu, nyuma, na uyaache yaanguke. Jaribio la New Zealand lililochapishwa 2015 liliwafunga watu 74 utepe mgongoni, wengine wakae wima na wengine wajikunje, halafu wakapewa kazi ya kuogofya ya kutoa hotuba. Waliokaa wima waliripoti hali nzuri zaidi na woga mdogo kuliko waliojikunja.

Wima si kutunisha kifua. Ukikaza kiuno na kusukuma mbavu mbele, pumzi ya hatua ya 4 inakosa nafasi, na baada ya dakika chache mgongo unauma na unarudi kujikunja zaidi ya mwanzo. Kipimo: kama huwezi kuongea sentensi ndefu kwa sauti ya kawaida, umekaza mno. Simu iweke mfukoni. Ukiishika, shingo inaifuata.

Hatua ya 6: Tabasamu, mwisho. Peleka pembe za mdomo kuelekea masikioni, inua mashavu mpaka usikie ngozi chini ya macho ikisogea. Sekunde 5, achia, mara 3. Mfikirie mtu anayekuchekesha. Tabasamu lisilo na mtu nyuma yake hufa haraka. Jifunze mbele ya kioo siku moja nyumbani, kisha achana na kioo, maana ukijitazama sana unaanza kujihukumu.

Hatua ya 7: Mlangoni. Hapa mafunzo yaliyoletwa kutoka nje huwaponza vijana. Ukiingia kifua mbele, macho yamemkazia mzee aliyekaa katikati ya meza, utaonekana jeuri. Inamisha kichwa kidogo, "Shikamoo", subiri "Marahaba", keti ukikaribishwa. Kuinama huko kwa heshima hakukuharibii kitu. Kinachoharibu ni kusahau kunyanyuka tena: ukishaketi, rudia hatua ya 5 kimyakimya, kisogo juu na mabega chini.

Usitumie hatua hizi kuficha msiba au hasira yenye haki. Anayetabasamu kwa lazima mapokezi ya hoteli kutwa nzima huchoka kwa sababu uso na moyo havisemi jambo moja. Huyo anahitaji dakika chache za kuuachia uso chumba cha nyuma, si tabasamu zaidi. Na huzuni iliyodumu wiki 2 au zaidi pamoja na kukosa usingizi au hamu ya kula ipelekwe hospitali, uliza huduma ya afya ya akili KCMC au Mawenzi kule Moshi, au Mount Meru hapa Arusha. Mwenye kupooza upande wa uso aruke hatua ya 6. Pumzi na mgongo vinamtosha.

Kwa usaili wa mtandaoni, inua kompyuta kwa vitabu hadi kamera ilingane na macho, la sivyo utainama muda wote. Kisha zima kile kidirisha kinachoonyesha sura yako mwenyewe.