Bakteria rafiki dhidi ya kinyausi na mnyauko wa pilipili kichaa

Kwa wanaolima pilipili kichaa ya kumwagilia hapa Dodoma, hasara huanzia kitaluni. Miche hulegea shingoni, usawa wa udongo, kisha hulala: hicho ni kinyausi. Inayopona huweza kukutwa shambani na mnyauko fuzari, ugonjwa wa fangasi wa udongoni. Bakteria rafiki husaidia kuzuia yote mawili wakiwahi kufika mizizini. Mche ulioshikwa tayari hawauponyi.

1. Ujue ugonjwa. Kata shina la mche ulionyauka karibu na mizizi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unateremka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria waharibifu, usitafute dawa ya fangasi. Ng'oa, choma, na usirudishie hapo pilipili, nyanya wala bilinganya. Maji yakibaki safi na ndani ya shina pana kahawia, shuku fuzari.

2. Nunua kilicho hai. Kwenye lebo tafuta jina Bacillus subtilis, tarehe ya mwisho na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Pseudomonas fluorescens nao ni wazuri, ila hawatengenezi spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, hivyo joto la duka la bati huwamaliza upesi. Kwa hali yetu mimi huchagua Bacillus. Spora zao huvumilia ukavu na joto.

3. Tayarisha maji. Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye beseni wazi usiku kucha.

4. Wape makazi. Changanya mboji iliyoiva kwenye udongo wa kitalu. Siku ya kusia, mwagia mchanganyiko wa maji hayo na bakteria kwa kipimo cha lebo. Siku ya kuhamisha, chovya mizizi ndani yake kabla ya kupanda, kisha rudia kumwagia shinani kadiri lebo inavyoelekeza. Fanya jioni, udongo ukiwa na unyevu, maana jua letu la mchana huua bakteria waliobaki juu. Wakishatulia, hula majimaji yanayotoka mizizini, hujaza nafasi ambayo fangasi angeikalia, na hutoa kemikali zinazotoboa utando wa chembe zake.

5. Tenga dawa za kopa (shaba). Mrututu na jamii yake usivitie bomba moja la kunyunyizia na bakteria, na bomba lenyewe lioshwe vizuri kwanza.

Kitalu kisituame maji; kinyausi hupenda hapo kuliko popote. Acha pia tuta moja bila bakteria, uhesabu miche iliyokufa kila upande kabla hujanunua pakiti nyingine.