Mbao za kabati la kupaka rangi: chagua hivi

Kabati likishapakwa rangi michoro ya mbao haionekani tena, so usimalize hela kwenye mbao ya ghali. Tafuta kitu kilicho laini na kisichocheza, basi. Na usinunue aina moja kwa kabati zima, kila sehemu ina kazi yake.

Hatua ya 1: boksi. Hapa weka plaiwudi ya milimita 18. Inashika skrubu vizuri na maji kidogo haiyaogopi kama chipubodi, ambayo ikilowa inavimba na hairudi tena. Kabla hujalipia angalia kingo za shiti, ukiona matundu kati ya tabaka achana nayo.

Hatua ya 2: fremu za milango. Mbao iliyokauka vizuri, yenye nyuzi zilizobana, mfano maple au popla. Oak ni imara sana lakini vinyweleo vyake viko wazi, utapaka na bado vijimistari vitaonekana labda uzibe kwa fila kwanza. Paini nayo ina macho (vifundo pale matawi yalipoota) yanayotoa utomvu, baada ya muda doa la njano linatokeza juu ya rangi nyeupe, kwa hiyo kama huna nyingine paka praima ya sheleki (rangi ya kwanza inayozuia utomvu usipenye) kwenye kila jicho.

Hatua ya 3: paneli ya katikati ya mlango. Mimi hapa nasema MDF bila kusita, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Mbao halisi inatanuka na kusinyaa kwa upana kufuata unyevu wa hewa, ikisinyaa unaona ukanda mwembamba usio na rangi pembeni mwa paneli, inaudhi kweli! MDF haichezi hivyo. Ukilazimika kutumia mbao, usiigundishe, iache ielee kwenye mfereji wa fremu na uipake rangi kabla ya kufunga mlango.

Shida ya MDF ni kingo, zinakunywa rangi balaa. Paka praima, ikikauka piga msasa namba 220, rudia mpaka ukipitisha kidole husikii manyoya. Skrubu za pembeni toboa kwanza la sivyo inapasuka, na ukikata vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Hatua ya 4: jaribu. Chukua vipande vilivyobaki vya kila aina, paka praima na rangi ileile utakayotumia, viangalie kwa mwanga wa pembeni. Ukianza milango yenyewe, koti za nyuma ziwe sawa na za mbele, upande mmoja ukiachwa wazi unavuta unyevu peke yake na mlango unapinda.